Sijaona Si Hakuna

Novemba mwaka jana shangazi yangu aliitwa mbele ya watu watano, kwenye baraza la ghala pale Bungu, akaulizwa alikopeleka kilo 164 za korosho. Daftari lake la mkono, lile la shule lenye picha ya twiga kwenye jalada, lilisema amepima kilo 611. Kompyuta ilisema 447. Magunia yake mawili yalikuwa yamekataliwa siku ya kwanza kwa sababu ya unyevu, akayarudisha nyumbani kuyaanika. Sasa swali lilikuwa moja tu, ingawa hakuna aliyelitamka waziwazi: je, yalirudi ghalani kweli, au yaliishia kwa mnunuzi wa kangomba usiku?

Shangazi alisema yalirudi na yalipimwa. Karani akamjibu, bila ubaya wowote, "Mama, mashine haina sababu ya kukusingizia."

Programu iliyokuwa kwenye mashine ile niliiandika mimi.

Nataka kueleza jinsi kilo 164 zilivyopotea, na kwa nini sikubali kuambiwa kwamba lilikuwa kosa dogo la herufi. La herufi, ndiyo. Lakini kosa hilo lilionekana. Liliandikwa wazi kwenye skrini yangu miezi mitatu kabla ya msimu kufunguliwa. Nililisoma kwa macho yangu. Kisha nikalizima pamoja na wenzake 73 ambao walikuwa uongo mtupu, kwa sababu idara ninayosomea shahada ya uzamili ilihesabu uongo ule kama dhambi zangu, na kwa sababu chombo kilichokuwa kinanionya kilikuwa kimeshapiga kelele bure mara 73 asubuhi ileile.

Kwa asiyeandika programu, naomba dakika mbili.

Kuna vyombo vinavyosoma msimbo wako bila kuuendesha na kukuonyesha makosa kabla hayajamfikia mtumiaji. Tuviite vikagua msimbo. Kazi hii ina historia ndefu: mwaka 1978, katika maabara za Bell nchini Marekani, Stephen C. Johnson aliandika programu iliyokagua lugha ya C, akaipa jina la zile nyuzinyuzi na vumbi linalonata kwenye nguo. Wazo ni zuri: kung'uta nguo kabla ya kutoka nyumbani. Kwa lugha ya Python, moja ya vikagua vinavyojulikana zaidi ni Pylint. Hakilipiwi, kimeandikwa na kutunzwa na watu ambao wengi wao wanajitolea, na kimeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sina ugomvi na waliokitengeneza. Ugomvi wangu ni na sentensi moja wanayoitumia, na zaidi ni na watu walioigeuza sentensi hiyo kuwa hukumu.

Sasa metaklasi. Fikiria kalibu ya tofali. Kalibu ndiyo klasi, na tofali zinazotoka humo ndizo vitu ambavyo programu inavifanyia kazi. Kila tofali lina urefu, upana na uzito kwa kuwa kalibu iliamua hivyo. Metaklasi ni seremala anayetengeneza kalibu zenyewe. Unampelekea karatasi yenye maelezo machache, na yeye anapochonga anaongeza vitu ambavyo havikuandikwa kwenye karatasi: mshikio, alama ya kampuni, mfereji wa kupitisha nondo. Tofali litatoka na alama ya kampuni hata kama karatasi yako haikuitaja popote.

Kikagua msimbo hakiendi kwa seremala. Hakiwezi, maana hakiendeshi programu. Kinasoma karatasi tu. Kisha kinasimama mbele ya tofali lenye alama ya kampuni na kutangaza: tofali hili halina alama.

Aliyewahi kutengeneza tovuti kwa Django ameshakutana na jambo hili, labda wiki ya kwanza tu. Unaandika klasi yako, halafu unaitumia kutafuta kumbukumbu kwenye hifadhidata kupitia sifa iitwayo `objects`. Wewe hukuiandika sifa hiyo. Imewekwa na metaklasi ya Django iitwayo `ModelBase`, wakati klasi inapoundwa. Pylint ikiwa peke yake, bila kiongezi maalumu cha Django, inakuandikia kosa namba E1101, ambalo kwa Kiswahili lingesomeka: klasi yako haina `objects`. Programu inafanya kazi. Data inakuja. Mstari mwekundu unabaki palepale. Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa pili wakifuta msimbo sahihi na kuanza upya, mara mbili, mara tatu, kwa kuwa hawajafika mahali pa kujua kwamba mstari mwekundu nao unaweza kukosea.

Mimi nilihitaji metaklasi kwa sababu ya korosho. Fomu za ghalani hubadilika. Msimu mmoja kuna safu ya unyevu, msimu mwingine safu hiyo imegawanywa mara mbili, makato yanaongezeka au yanapewa jina jipya, daraja la pili linaandikwa tofauti. Nilikuwa nimeona mfumo mmoja wa zamani ambapo kila badiliko lilidai mtu abadilishe jina la safu kwenye mafaili manne, na kila mara moja lilisahauliwa. Nikaamua majina ya safu yakae kwenye faili moja ambalo karani mwenyewe anaweza kulisoma, kisha metaklasi yangu ilisome faili hilo na kuziumba sifa za klasi ya `Mzigo` kutoka humo. Mistari 40 hivi. Niliipenda. Bado naipenda.

Nikaiendesha Pylint. Ikanipa makosa 74 ya E1101 na maonyo madogomadogo 41. Alama: 3.15 kati ya 10.

Alama hiyo haitoki hewani. Pylint huchukua idadi ya makosa, ikaizidisha kwa tano, ikajumlisha maonyo na dosari za mtindo ambazo kila moja inahesabiwa mara moja, ikagawa kwa idadi ya kauli za programu, ikazidisha kwa kumi, kisha ikatoa jibu kutoka kwenye kumi. Programu yangu ilikuwa na kauli 600. Fanya hesabu mwenyewe: 74 mara tano ni 370, ongeza 41 upate 411, gawa kwa 600, zidisha kwa kumi, toa kwenye kumi. Kosa la uongo linahesabiwa mara tano kuliko jina baya la kigezo au mstari mrefu kupita kiasi. Adhabu kubwa kuliko zote inatolewa mahali ambapo chombo kina uwezekano mkubwa wa kutoelewa kinachoendelea.

Na idara yetu ina fomu. Kwenye fomu kuna kisanduku. Kazi yenye alama chini ya 9 haifiki kwa msimamizi. Faili ya mipangilio ya Pylint ni moja kwa wanafunzi wote na hairuhusiwi kuguswa, wala viongezi haviruhusiwi, ili "kuwe na usawa." Lakini hakuna kinachokukataza kuandika juu kabisa ya faili lako maneno ya kuizima kanuni fulani. Sijui aliyetunga utaratibu huu aliwaza nini. Ni kama kumwambia mtu asiyeona vizuri kwamba miwani ni marufuku ila kufumba macho ruksa.

Niliandika mstari mmoja: `# pylint: disable=no-member`. Makosa 74 yakayeyuka. Yakabaki maonyo 41. Arobaini na moja kwa 600, mara kumi, toa kwenye kumi: 9.32. Msimamizi akasaini siku ileile na kunipongeza kwa usafi wa msimbo.

Kati ya 74, 73 yalikuwa ya uongo. Najua kwa sababu baadaye nimeyapitia moja baada ya jingine, Jumamosi nzima, kwa kalamu. Yote yalisema jambo moja kwa umbo moja: kitu cha aina ya `Mzigo` hakina sifa `uzito_halisi`, hakina sifa `daraja`, hakina sifa `unyevu`. Zote hizo zilikuwepo, metaklasi ilizichonga. Lakini lile la 74, mstari wa 388, ndani ya funkisheni inayoshughulikia mizigo iliyopimwa mara ya pili, lilisema kitu cha aina ya `Mzigo` hakina sifa `uzito_halsi`.

Soma tena. Herufi moja.

Kwenye orodha ile, `uzito_halisi` lilijitokeza mara 19. Mara 19 chombo kiliniambia sifa ambayo ipo haipo. Mara moja kikaniambia sifa ambayo haipo haipo. Sentensi ni ileile, rangi ni ileile, uzito wa adhabu ni uleule. Hakuna jicho la binadamu ambalo lingesimama pale. Na msimu ulipofika, kila mzigo uliorudishwa kuanikwa na kupimwa upya ulipofikia mstari wa 388, programu ilikwama, na kitanzi kilichoita funkisheni ile kikafanya kile nilichokifundisha kufanya: ukikuta hitilafu, ruka, endelea na unaofuata. Nilikiandika hivyo kwa ajili ya kumbukumbu za msimu uliopita ambazo hazikuwa na safu zote. Mizigo iliyolowa ilikuwa michache kipindi cha majaribio, na wengi hawajumlishi wenyewe. Shangazi anajumlisha.

Nilitoka Dar na basi la alfajiri kutoka Mbagala. Bungu ni mahali ambapo wengi hupita tu: magari ya Lindi na Mtwara yanapunguza mwendo, wanaokwenda Mafia wanashuka kutafuta usafiri wa Nyamisati, wauza korosho za kubanguliwa wanakimbilia madirishani. Mimi nilishuka nikaenda moja kwa moja ghalani, nikafungua kumbukumbu za mashine, na kwa dakika kumi nilikuwa nimeshaona. Magunia mawili, kilo 81 na kilo 83, yamepimwa siku aliyoisema, saa aliyoisema. Yaliingia kwenye hifadhidata. Hayakuingia kwenye jumla. Kwa bahati mfumo ulikuwa wa majaribio, ukienda sambamba na vitabu vya karatasi, kwa hiyo fedha haikupotea. Karani alimwomba radhi. Wale watu watano hawakuitwa tena kusikia jibu.

"Shikamoo, shangazi," nilimwambia jioni ile. Akaitikia. Akanikaribisha chai. Kisha akauliza, "Mwanangu, kwa nini haikusema tu kwamba haikuyaona?"

Nimekaa na swali lile mwaka huu wote. Nadhani ni swali bora zaidi la sayansi ya kompyuta nililowahi kuulizwa, na nimeshaulizwa mengi na watu wenye shahada tatu.

Nilipokuwa mtoto, wakati wa likizo, nilipelekwa kwa bibi bondeni kulinda mpunga. Aliyekulia Rufiji anajua dungu: kibanda juu ya nguzo katikati ya shamba, ambapo unakaa kutwa unafukuza ndege na usiku unasikiliza nguruwe. Bibi alikuwa na kanuni. Ukisikia kitu usichokiona, gonga debe mara moja. Ukimwona nguruwe kwa macho yako, gonga mfululizo. Debe moja maana yake, amka, sikiliza na wewe. Debe mfululizo maana yake, shika rungu. Binamu yangu mmoja alikuwa mwoga na aligonga mfululizo kwa kila jani lililotikisika. Usiku wa nne hakuna aliyeamka, na usiku wa nne ndio nguruwe walipokuja. Hadithi hii ipo kila mahali duniani na siisimulii kama jambo jipya. Ninachotaka ni zile namna mbili za kugonga. Bibi hakumwambia binamu yangu anyamaze asipokuwa na uhakika. Alimpa sauti ya pili, ya kusema: sijaona, ila kuna kitu.

Kiswahili kina maneno hayo mawili na hatuyachanganyi. Ukimtuma mtoto dukani akarudi akasema "hakuna sukari," hiyo ni habari moja. Akisema "sijaiona," utamuuliza alitazama wapi. Pylint ilipofika kwenye klasi yangu haikujua metaklasi imeweka nini. Haikuwa na namna ya kujua. Kauli ya kweli pale ilikuwa "sijaiona." Ilisema "hakuna."

Na kinachoniudhi ni hiki: inajua. Ndani ya Pylint kila ujumbe hubeba kiwango cha uhakika, na ujumbe wa E1101 umewekewa alama kwamba umetokana na kukisia aina ya kitu, si kwa kukiona moja kwa moja. Kuna hata chaguo la kuchuja ujumbe kwa viwango hivyo. Lakini kwenye ripoti ya kawaida, ile inayosomwa na mwanafunzi na kubandikwa kwenye fomu ya idara, kiwango hicho hakionekani. Alama ya 10 haikijali. Debe linagongwa mfululizo, na aliyeligonga anajua moyoni kwamba amesikia tu.

Nikisema haya naambiwa: basi usitumie metaklasi. Andika msimbo wa kawaida, chombo kitakuelewa. Ushauri huu hutolewa kwa sauti ya hekima. Kweli, mara nyingi metaklasi hazihitajiki, na wapo wanaozitumia kujionyesha. Tangu Python 3.6 ya mwaka 2016 kuna njia nyepesi ya kufanya baadhi ya kazi zake. Lakini hata kwa njia hiyo nyepesi, sifa zikitoka kwenye faili wakati programu inaendeshwa, kikagua hakizioni na kelele ni zilezile. Kilichobaki ni kuandika majina yote kwa mkono, mahali pengi, kila msimu. Yaani nizidishe makosa ya kweli ili kupunguza makosa ya uongo, chombo kifurahi. Sioni kwa nini mpunga upandwe pale tu ambapo mwoga hatatishika.

Wengine watasema tatizo linatatuliwa polepole, na nakubali kwa sehemu. Python 3.11, iliyotoka Oktoba 2022, ilileta namna ya mwandishi wa metaklasi kuviambia vikagua aina kwamba metaklasi yake inaumba klasi kwa utaratibu fulani unaojulikana. Ni hatua nzuri. Inasaidia pale ambapo sifa zimeandikwa kwenye klasi yenyewe na metaklasi inazipanga tu. Haiwezi kusaidia pale ambapo majina yanatoka nje, kwenye faili la karani. Pylint nayo inaruhusu kutaja kwa majina sifa ambazo unajua zitaumbwa, na hapa lazima nijilaumu: kama ningetaja `uzito_halisi` na wenzake kwenye mipangilio, makosa 73 yangetoweka na lile la 74 lingebaki peke yake, likipiga kelele kwenye skrini tupu. Ingenichukua dakika tano. Ila mipangilio, kumbuka, ilikuwa haiguswi.

Wala usidhani jambo hili ni la waandika programu peke yao. Andika ikisiri ya tasnifu yako kwa Kiswahili kwenye programu yoyote ya kuandikia ambayo imepewa orodha ya maneno. "Tusipowaandikia" itachorewa mstari mwekundu. "Aliyenisimulia" hivyohivyo. Kitenzi chetu hakikai kwenye orodha. Kinaumbwa na kanuni kila unapofungua mdomo: mtenda, wakati, mtendwa, mzizi, kauli. Mzizi mmoja unazaa maelfu ya maumbo, yote sahihi, mengi hayajawahi kuandikwa na mtu. Kikagua tahajia kinachosoma orodha kinakutana na lugha inayoumba, na badala ya kusema "sijalijua neno hili" kinasema "kosa." Nina marafiki waliohitimu vyuo vikuu ambao kwa dhati wanaamini hawajui kuandika Kiswahili. Wameufundishwa na ule mstari mwekundu.

Hakuna chombo kitakachokuwa sahihi kila mara, na hili si suala la uzembe. Mwaka 1953 Henry Gordon Rice alichapisha uthibitisho ambao kwa maneno mepesi unasema: hakuna programu inayoweza kuikagua kila programu nyingine na kujibu bila kukosea maswali ya maana kuhusu tabia yake. Kila anayetengeneza kikagua anachagua namna ya kukosea. Kinyamazie baadhi ya makosa, au kituhumu wasio na hatia. Wanaoishi kwa kazi hii wanalijua vizuri. Watu wa Coverity, kampuni iliyozaliwa kutokana na utafiti wa Stanford, waliandika mwaka 2010 kwamba kengele za uongo zikipita asilimia 30 hivi, watu huanza kukipuuza chombo. Wahandisi wa Google walieleza mwaka 2018 kwamba wanataka zisizidi asilimia 10, na wakahesabu kuwa ni kengele ya uongo pale mtu anapoisoma na kutochukua hatua yoyote. Angalia kipimo hicho: anayeamua ni msomaji wa ujumbe, si chombo. Kwangu zilizidi asilimia 98, na aliyeamua ilikuwa fomu.

Ndiyo maana hasira yangu inapita juu ya Pylint na kutua kwenye meza ya idara. Chombo kilitengenezwa ili kimsemeshe mwandishi: ndugu, hebu tazama hapa. Aliyekigeuza kuwa hakimu ndiye aliyetufundisha kunyamazisha. Katika darasa letu la watu 14, nimeona mstari uleule wa `disable` juu ya mafaili ya wenzangu tisa. Hatukuambizana. Kila mmoja alifika pale mwenyewe, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, kwa njia fupi kuliko zote. Tumehitimisha mafunzo ya ubora wa msimbo tukiwa tumejua jambo moja kwa hakika: namna ya kuizima kengele.

Sasa nirudi kwangu, maana ingekuwa rahisi kuishia hapo nikiwa mlalamikaji. Kitanzi kile kilichoruka hitilafu kilikuwa changu. Pylint ilinionya kuhusu hicho pia; lilikuwa moja ya yale maonyo 41, na halikuwa la uongo hata kidogo. Nililiona kama kero nyingine ya chombo kinachopenda kero. Na kitanzi kile kilimfanyia shangazi kilekile nilichofanyiwa mimi. Kilikutana na gunia kisiloweza kulisoma. Kauli ya kweli ilikuwa "sijaweza kulisoma hili." Kikaandika jumla bila hilo, kwa tarakimu safi, na karani akasoma tarakimu safi na kuelewa: hakuna. Mimi nilikuwa na kalamu, Jumamosi nzima, na msimbo wa kuonyesha kwamba ninasema kweli. Yeye alikuwa na daftari lenye twiga.

Nimeibadilisha programu. Sasa chini ya kila jumla kuna sehemu nyingine yenye kichwa "Haijasomeka," na namba ya kila mzigo uliokwama, jina la mkulima na sababu. Ikiwa sehemu hiyo haiko tupu, jumla haichapishwi bila hiyo. Karani hajaipenda sana. Anasema inawatia wakulima wasiwasi. Shangazi anaisoma kwanza, kabla ya jumla.

Nimeuwasilisha msimbo upya mwezi huu. Herufi ya mstari wa 388 imerudi mahali pake, kile kitanzi hakiruki tena kimyakimya, na ule mstari wa juu wa kuzima nimeufuta. Makosa 73, yote ya uongo, yamerudi kwenye ripoti, pamoja na maonyo 40, kwenye kauli 612. Nimeambatisha kurasa tatu zinazoonyesha, kosa kwa kosa, ni wapi metaklasi inaiumba sifa inayosemwa haipo. Kwenye kisanduku cha fomu nimeandika alama niliyopata: 3.38. Msimamizi aliitazama kwa muda, akasema hana mamlaka ya kuipokea, ataipeleka kikaoni.

Shangazi aliniuliza kwa simu kama 3.38 ni nyingi. Nikamwambia ni kati ya kumi.

"Kwa hiyo umefeli," akasema.

Nikamwambia bado sijajibiwa, kikao ni Jumanne.